Je, uraibu wa 'unga' umo katika damu?

Na MWANDISHI WETU

UKIMWAMBIA mwendesha bodaboda wa mjini Isiolo akupeleke Kiwanjani, hatakuuliza mara mbili. Jina lenyewe lamtosha. Ni mtaa ulio jirani na uwanja wa ndege, na wakazi wake ni wa kila kabila linalopatikana katika mji huu: Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, Wameru na wengineo.

Hapo ndipo nilipoketi mkekani asubuhi moja na mama mmoja anayeuza maziwa ya ngamia. Jina lake sitalitaja, na utaelewa sababu kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Mbele yake alikuwa ameweka kibahasha cha karatasi chenye tembe. Mwanawe wa pili, ambaye ni mwendesha bodaboda, alikuwa amevunjika mguu wiki iliyotangulia. Alifanyiwa upasuaji, kisha akaruhusiwa kwenda nyumbani na tembe za tramadoli za kutuliza maumivu.

"Mwanangu, wewe ni mtu wa magazeti," aliniambia. "Niambie, hizi nimpe kijana au nizitupe chooni?"

Swali hilo halikuzuka tu. Mwanawe wa kwanza alikuwa utingo wa malori. Alifika Mombasa, akaonja unga, na kwa miaka sita hakuonekana nyumbani. Kabla yake, kaka ya mama huyu, yaani mjomba wa vijana hao, aliuawa na pombe. Na sasa posa ya binti wa nyumba hiyo imekwama njiani. Upande wa mvulana umeanza kunong'ona kwamba damu ya watu wale si nzuri.

Je, msomaji, wewe ungemjibu nini? Je, ni kweli kwamba uraibu hurithiwa kama vile urefu na rangi ya ngozi? Na kama hurithiwa, tembe zile zina hatari zaidi kwa kijana huyu kuliko kwa kijana wa jirani?

Kasumba na jamaa zake

Kabla ya kujibu, yafaa tujue tunazungumzia dawa gani. Wazee wetu walikuwa na neno kasumba. Siku hizi tunalitumia kwa mawazo mabovu yaliyoganda kichwani, lakini maana yake ya asili ni afyuni, utomvu unaogemwa kutoka katika vitumba vya mmea wa mpopi. Ndani ya utomvu huo mna mofini na kodeini. Mofini ikifanyiwa kazi kidogo katika maabara inakuwa heroini, ambayo kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliianza kuiuza mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi! Heroini ndiyo unga wenyewe.

Jamaa wengine wa ukoo huu hutengenezwa na binadamu bila mpopi: pethidini wanayochomwa wagonjwa hospitalini, fentanili iliyoua watu wengi sana Marekani, methadoni, na tramadoli hii ya Kiwanjani. Tramadoli ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1977, na kwa miaka mingi ilisifiwa kuwa ni dawa ya maumivu isiyo na uraibu. Afrika Magharibi wamekwisha kujua vinginevyo. Nako Nigeria, serikali ililazimika mwaka 2018 kupiga marufuku utengenezaji na uagizaji wa dawa za kikohozi zenye kodeini baada ya vijana kuzigeuza kinywaji.

Nilipouliza pale mtaani, wengi walinijibu kwamba Isiolo shida ni miraa tu. Ni kweli kwamba miraa ya milima ya Nyambene hupita hapa kila siku ikielekea kaskazini. Lakini miraa si ya ukoo wa kasumba. Inaamsha, ilhali kasumba inalaza. Na hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi, kwani mtu aliyekesha akitafuna aghalabu hutafuta kitu cha kumshusha alfajiri apate usingizi. Kitu hicho kikiwa ni tembe, hajui ameingia mlango gani.

Kule pwani mlango huo ulifunguliwa zamani. Unga ulianza kuonekana Mombasa, Malindi na Lamu katika miaka ya 1980. Kwanza ulikuwa ule wa rangi ya hudhurungi ulioitwa brauni shuga, ukivutwa kwa moshi. Kuelekea mwaka 2000 ukaingia mweupe, nao ndio uliowafundisha wengi kujidunga sindano, na sindano za kuazimana zikaleta Ukimwi na homa ya ini.

Ufunguo na kufuli

Mwili wako, msomaji, una kasumba yake wenyewe. Mwaka 1973 wanasayansi wa Marekani waligundua kwamba ubongo una vipokezi, tuseme vitasa vidogo, ambavyo mofini hupenya kama ufunguo. Wakajiuliza: Mungu aliweka vitasa hivi kwa ajili ya utomvu wa mpopi? Haikuchukua muda kabla ya kugunduliwa kuwa ubongo hujitengenezea funguo zake, ambazo hutoka unapoumia, unapokimbia mbio ndefu, na hata mama anaponyonyesha.

Funguo hizo za asili ni chache na hukaa kwa muda mfupi. Unga humwaga funguo kwa debe. Maumivu hunyamaza, hofu hutoweka, na sehemu ya ubongo inayotuambia "hili ni jema, lirudie" hupiga kelele kupita inavyopiga kwa chakula au kwa mapenzi. Ubongo hujitetea kwa kupunguza makali ya vitasa vyake. Kesho yake kete moja haitoshi. Na siku unga ukikosekana, vitasa vilivyozoea kulemewa hubaki vitupu: miayo, kamasi, kuhara, tumbo kusokota, vinyweleo kusimama kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Mateja huiita hali hiyo arosto. Wengi wao watakwambia kwamba hawavuti tena kwa raha bali kuikimbia arosto.

Haya humpata yeyote atakayetumia vya kutosha kwa muda wa kutosha. Lakini si kila anayeonja huendelea, na hapo ndipo suala la urithi linapoingia.

Pacha kwa pacha

Njia kongwe ya kupima urithi ni kuangalia jamaa. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kulinganisha ndugu wa damu wa waraibu wa dawa mbalimbali na ndugu wa watu wasio waraibu. Walikuta kwamba ndugu wa waraibu walikuwa na uwezekano mara nane zaidi wa kupata tatizo lilelile.

Mara nane! Ukiishia hapo, utawapa haki wale wanaonong'ona kuhusu binti wa Kiwanjani. Lakini usiishie hapo. Ndugu hawashirikiani damu pekee. Wanashirikiana nyumba, mtaa, umaskini, marafiki, na mara nyingine hata kete yenyewe.

Ndiyo sababu wanasayansi wanawapenda mapacha. Pacha wa yai moja wana urithi uleule mtupu. Pacha wa mayai mawili wanashirikiana takriban nusu tu, kama ndugu wengine, ingawa wamelelewa pamoja. Kwa hiyo, ikiwa pacha wa yai moja wanafuatana katika uraibu kuliko wale wa mayai mawili, urithi una mkono wake. Mwaka huohuo wa 1998 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa zaidi ya jozi 3,000 za wanaume mapacha waliokuwa jeshini Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Kwa heroini, urithi ulieleza kiasi cha asilimia 54 ya tofauti baina ya watu. Kati ya hizo, asilimia 38 ilikuwa ya heroini peke yake. Iliyobaki ilikuwa urithi wa jumla, ule unaomweka mtu karibu na dawa yoyote ile.

Kwa hiyo mjomba aliyekufa kwa pombe si habari ya pembeni. Ni sehemu ya picha, japo si sehemu kubwa kama angekuwa mjomba wa unga.

Ng'ombe wa Kiborana

Sasa hiyo asilimia 54 imewapotosha wengi, wasomi wakiwamo. Haimaanishi kwamba mtoto wa teja ana nafasi 54 kati ya 100 za kuwa teja. Wala haimaanishi kwamba nusu ya uraibu wa mtu mmoja imetoka kwa baba yake na nusu nyingine mitaani.

Mfugaji yeyote wa Isiolo atakueleza jambo hili kuliko profesa. Anajua kuwa kuna ukoo wa ng'ombe wenye maziwa na ukoo usio na maziwa, na fahali huchaguliwa kwa kuangalia mama yake. Huo ni urithi. Lakini mpeleke ng'ombe wa ukoo bora malisho yaliyokauka na umpe maji mara moja kwa siku tatu, kisha ukamkamue. Utapata nini? Na yule wa ukoo hafifu aliyeko kwenye majani mabichi atamshinda. Mbegu ipo, malisho nayo yapo.

Katika uraibu, malisho ni unga wenyewe. Aliyerithi udhaifu wote wa dunia hawezi kuwa teja katika kijiji ambacho dawa haijafika. Tena kuna umri: anayeanza akiwa na miaka 15, wakati ubongo haujakomaa, yumo hatarini kuliko anayeanza akiwa na miaka 30. Kuna majeraha ya utotoni, kupigwa, kunajisiwa, kufiwa na wazazi. Kuna huzuni ya muda mrefu isiyotibiwa. Na kuna kukaa kijiweni bila kazi, jambo ambalo sidhani linahitaji mtafiti kulithibitisha.

Ushahidi mkubwa zaidi wa nguvu ya malisho ulitoka kwa wanajeshi walewale wa Vietnam. Heroini huko ilikuwa tele na bei yake ya chini. Mtafiti Lee Robins wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis aliwafuatilia wanajeshi waliorejea Marekani Septemba 1971. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa mraibu huko vitani. Serikali ilijiandaa kwa balaa. Lakini mwaka wa kwanza baada ya kurejea nyumbani, ni asilimia 5 tu ya waliokuwa waraibu waliorudi kwenye uraibu. Damu yao haikuwa imebadilika ndani ya ndege. Kilichobadilika ni mahali, marafiki, hofu, na upatikanaji wa dawa.

Jeni moja haitoshi

Urithi husafiri ndani ya jeni, yaani maagizo yaliyoandikwa katika kila chembe ya mwili. Jeni iliyochunguzwa kuliko zote katika jambo hili ni ile inayotengeneza vile vitasa vya ubongo nilivyovitaja. Wataalamu huiita OPRM1. Kuna herufi moja katika jeni hiyo ambayo kwa baadhi ya watu imeandikwa tofauti. Mwaka 2020 watafiti waliotumia kumbukumbu za maveterani wa jeshi la Marekani walithibitisha kwamba tofauti hiyo inahusiana na uraibu wa kasumba kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kwa wenye asili ya Afrika hawakuuona uhusiano huo. Sababu moja si ngumu kuiona: herufi hiyo tofauti ni ya kawaida huko Asia, ni ya wastani Ulaya, na kwa Waafrika ni nadra.

Tangu hapo uchunguzi mkubwa zaidi umeonyesha zaidi ya sehemu kumi za urithi zinazohusika, kila moja ikiongeza hatari kwa kiasi kidogo mno. Basi hakuna "jeni ya uteja". Kuna mamia ya chembe za mchanga, na kila mmoja wetu amebeba gunia lake.

Hata hivyo wapo waliojaribu kulipima gunia hilo. Desemba 2023, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia dawa na chakula, FDA, liliidhinisha kipimo kiitwacho AvertD. Mgonjwa anayetarajia kupewa dawa za maumivu baada ya upasuaji hupanguswa ndani ya shavu, kisha sehemu 15 za urithi wake huangaliwa na kompyuta hutoa jibu: ana hatari kubwa au hana. Jambo la kushangaza ni kwamba mwaka mmoja na kitu kabla yake, Oktoba 2022, wataalamu walioitwa na shirika hilohilo kutoa ushauri walikipinga kwa kura 11 dhidi ya 2. Na mwaka 2024 kundi la wanasayansi liliandika barua kutaka idhini iondolewe.

Hoja yao ilikuwa nzito. Vipimo vya aina hii vinaweza kuwa vinatambua mababu wa mtu walitoka wapi badala ya kutambua uraibu. Ukimpima Mborana kwa kipimo kilichofundishwa kwa damu ya watu wengine, utapata jibu, lakini jibu la swali gani? Mimi kwa maoni yangu ningemwambia mama wa Kiwanjani aziweke fedha zake, hata kama kipimo hicho kingeuzwa duka la jirani. Historia ya familia, ambayo anaijua bila malipo, inamweleza daktari mambo mengi kuliko shavu lililopanguswa.

Ini nalo lina lake

Lakini kuna jeni nyingine, na hii inatuhusu sana sisi wa upande huu wa dunia. Haiko katika ubongo. Kazi yake iko ini.

Kodeini unayomeza si dawa kamili. Ni kama mahindi yasiyosagwa. Ini ndilo kinu, nalo huigeuza kodeini kuwa mofini ndipo maumivu yanapopungua. Tramadoli nayo hupitia kinu hichohicho na kutoka ikiwa kali zaidi. Kinu chenyewe ni kimeng'enya kinachotokana na jeni iitwayo CYP2D6. Kuna watu ambao kinu chao kimekufa. Wape kodeini, wataendelea kulia kwa maumivu na muuguzi atadhani wanajifanya. Wapo ambao kinu chao ni cha polepole, na aina hiyo ni ya kawaida kwa Waafrika wengi, Watanzania wakiwamo. Na wapo wenye vinu viwili au zaidi, kwa sababu jeni yao imejirudia. Hawa wakimeza tembe ya kawaida, mofini hujaa mwilini ghafla kana kwamba wamemeza nyingi.

Mwaka 1996 Eleni Aklillu, mtafiti mwenye asili ya Ethiopia katika Taasisi ya Karolinska nchini Sweden, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi waliofanya kwa Waethiopia. Takriban asilimia 29 walikuwa na jeni hiyo iliyojirudia. Kwa Waswidi wenyewe ni asilimia moja au mbili tu. Matokeo hayo hayakubaki kwenye vitabu. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Ethiopia ilipiga marufuku dawa zenye kodeini.

Fungua ramani. Barabara ya lami inatoka Isiolo hadi Moyale, kilomita zipatazo 500, na ng'ambo ya mpaka ni Ethiopia. Waborana wako pande zote mbili na wanaoana. Sisemi kwamba kila Mborana wa Kiwanjani ana vinu viwili, kwani Waethiopia ni watu wa makabila mengi na uchunguzi ule haukuwa wa Isiolo. Nasema tu kwamba daktari anayefanya kazi katika mji huu ana sababu nzuri ya kuanza na kipimo kidogo na kumwangalia mgonjwa wake.

Tafadhali usichanganye mambo mawili haya. Jeni ya kinu haimfanyi mtu awe teja. Hatari yake ya kwanza ni sumu: usingizi usio wa kawaida, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, midomo kugeuka rangi, pumzi kuja moja baada ya muda mrefu. Ukimwona mtu hivyo, usimmwagie maji wala kumpa maziwa. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali. Ipo sindano iitwayo naloksoni inayong'oa mofini kwenye vitasa vyake kwa dakika chache. Kwa sababu ya hatari hii, mwaka 2017 FDA ilikataza kodeini na tramadoli kwa watoto walio chini ya miaka 12, na ikawaonya akina mama wanaonyonyesha wasizitumie. Tramadoli ina tabia yake nyingine ya ziada: ikizidi, huleta kifafa.

Tembe za mama

Turudi mkekani. Nilimwambia mama kwamba mimi si daktari, lakini kuzitupa chooni halikuwa jibu. Mguu uliovunjika unauma kwelikweli, na kijana anayenyimwa dawa usiku atatuma rafiki amtafutie nyingine asikokujua mtu. Hofu ya uraibu isiwe sababu ya kumwacha mgonjwa ateseke. Wengi wanaotumia dawa hizi kwa siku chache baada ya upasuaji huziacha bila taabu. Uchunguzi mmoja wa Marekani wa mwaka 2017 ulikuta kwamba takriban asilimia 6 ya waliofanyiwa upasuaji bila ya kuwa watumiaji hapo awali walikuwa bado wakichukua dawa hizo miezi mitatu hadi sita baadaye. Waliokuwa wavutaji sigara, waliowahi kuwa na shida ya pombe au dawa nyingine, na wenye wasiwasi mwingi walikuwa hatarini zaidi.

Jambo lililonisikitisha ni kwamba hakuna aliyemwuliza. Si daktari wa upasuaji, si muuguzi, si mtoa dawa. Hakuna aliyesema, "Mama, nyumbani kwenu kuna aliyewahi kusumbuliwa na pombe au dawa?" Ni swali la nusu dakika. Nawe, msomaji, usilisubiri. Ukiandikiwa dawa ya ukoo huu, sema mwenyewe. Uliza utaitumia siku ngapi, na kama kuna nyingine ya kuanza nayo. Usinunue tembe za ziada kwa kuwa duka halikudai cheti. Na zilizobaki zisikae kabatini, kwani anayezionja kwanza mara nyingi ni mtoto wa nyumba hiyohiyo.

Nilimsindikiza mama hadi kwa daktari. Walizungumza kwa robo saa, naye daktari akabadili mpango: parasetamoli kwa saa maalumu mchana, tramadoli ibaki ya usiku, kwa siku tatu tu. Mama ndiye atakayeshika bahasha. Kijana alinuna kidogo, akasema yeye si mtoto. Baadaye alikubali, na kwa sauti ya chini akaniuliza kama miraa inafaa pamoja na dawa zile. Nilimrudisha kwa daktari. Jibu lilikuwa hapana.

Kikombe cha kila siku

Na yule wa kwanza? Yupo hai. Yuko Mombasa, na kila asubuhi huenda kliniki kunywa methadoni mbele ya muuguzi. Methadoni ni ya ukoo uleule wa kasumba, ndiyo maana wengi huidharau wakisema ni kubadilisha shetani kwa shetani. Mama yake pia alidhani hivyo. Lakini methadoni huingia kwenye kitasa polepole na kukaa humo siku nzima. Haimpi mtu ule mlipuko wa raha, na humkinga dhidi ya arosto. Anaweza kufanya kazi, kula, kulala. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam ilianza kuitoa Februari 2011, na Kenya ikafuata katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014. Malindi ilipata kliniki yake mwaka 2015, kisha Kisauni na Ngara zikajiunga.

Hapa pia urithi una neno. Methadoni huvunjwavunjwa na kimeng'enya kingine cha ini, kinachotokana na jeni ya CYP2B6, na aina ya polepole ya jeni hiyo imeenea Afrika Mashariki. Kwa hiyo mmoja hutosheka na kipimo ambacho mwenzake atatetemeka nacho. Mtu akimwambia muuguzi kwamba dawa haimfikishi kesho, asiitwe mlaghai kabla ya kuchunguzwa. Mwana wa mama huyu alibadilishiwa kipimo mara kadhaa kabla ya kutulia.

Shida ya watu wa Isiolo ni umbali. Methadoni ni ya kunywa kila siku, na kwenda Nairobi ni safari ya karibu kilomita 300. Kwa sababu hiyo kijana hawezi kurudi nyumbani hata kwa harusi, labda kliniki impe ruhusa ya kubeba dozi za siku chache.

Nasema harusi kwa sababu mama alinirudisha kwenye jambo hilo kabla sijaondoka. Tulikuwa tumesimama mlangoni, kibahasha kimefungwa kwenye ncha ya leso yake, tembe tatu ndani. Alitaka nimweleze tena habari ya ng'ombe na malisho, taratibu, ili aishike. Kisha akauliza kama binti yake, ambaye hajawahi kuonja chochote, atazaa watoto walio na ugonjwa.

Nilimwambia kwamba watoto huchukua nusu ya mama na nusu ya baba, na kwamba wengi wanaozaliwa katika nyumba zenye waraibu hawawi waraibu. Nikamwambia pia kwamba sidhani kuna ukoo hapa mjini, ukoo wa mvulana ukiwamo, ambao ukihesabu wajomba wote hautampata mlevi mmoja.

Alicheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Hayo ya wajomba uyaandike," akasema. "Gazeti likitoka, niletee mbili. Moja nitampelekea mzee wao."